Mtoto Yuko Nainokanoka

Kampala, Uganda
6 Mei 1979

Dada yangu mpenzi Cresensia,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako ambaye najua mmeshaambiana kuwa amekufa. Sijafa. Nina malengelenge miguuni, nina chawa, na suruali inashikwa na kamba, lakini pumzi ipo. Mama hajambo? Shemeji Raphaeli hajambo? Na huyo mpwa wangu niliyemwacha tumboni mwako nilipochukuliwa mgambo, ametoka mvulana au msichana? Kama ni mvulana mpeni jina la babu, Bartolomeo. Kama ni msichana nitawasamehe.

Baada ya salamu nikueleze mji, maana ulisema nikufungulie macho. Uko juu ya vilima, na udongo wake ni mwekundu kama wetu wa Karatu, ila wa kwao hauchoki. Migomba inaota mpaka kwenye mitaro. Chakula chao ni ndizi mbichi. Wanazimenya, wanazifunga kwenye majani na kuzipika kwa mvuke, kisha wanaziponda zinakuwa kama ugali wa njano. Siku ya kwanza nilicheka, ya pili nikala, ya tatu nikaomba niongezwe. Maduka mengi hayana milango wala vitu. Tuliingia duka moja la viatu tukakuta vya mguu wa kushoto tu vimemwagwa sakafuni. Hata hivyo Sylvesta wa Karatu, mwenzangu wa kikosi, alibeba viwili.

Wanawake wao wanavaa gauni refu lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Mama mmoja, umri wa mama yetu, alipiga magoti vumbini mbele yangu. Nikadhani ameangusha kitu, nikainama kumsaidia kutafuta. Kumbe ananisalimia! Mimi, Wilibrodi, uliyekuwa ukinichapa kwa mwiko.

Kuna korongo wakubwa wenye vipara, wanakaa juu ya mapaa ya ofisi kama madiwani. Tulipoingia mjini walikuwa wameshiba mpaka wanashindwa kuruka, na usiniulize walishiba nini. Maiti zilikuwa kila njia panda. Watu wanazipita wakiwa na vikapu vyao, wanakwenda kutafuta chumvi.

Jambo moja limeniuma. Huku Kiswahili hakipendwi. Kwao ni lugha ya askari wa utawala tuliouangusha, waliokuwa wakiingia nyumbani na bunduki kuchukua watu. Nikimwambia mtu "Karibu, mzee," anainua mikono juu. Sisi mwalimu alituchapa tulipoongea Kiiraqw darasani, akasema Kiswahili kitatufanya ndugu wa Afrika nzima. Ningependa aje hapa Katwe, kwenye kizuizi chetu, asalimie watu.

Raphaeli aniandikie habari za ng'ombe. Wewe hujui kuzieleza.

Ndugu yako,
Wilibrodi

*

Qurus
20 Juni 1979

Mdogo wangu Wilibrodi,

Barua yako imefika ikiwa imechoka kuliko wewe. Mama aliinusa kwanza kabla sijaifungua, akasema kweli ni jasho lako. Sasa anatembea kijiji kizima kuwaaibisha waliosema umekufa. Tunakusalimu wote. Mimi mzima, mama analalamika magoti kama kawaida, na mpwa wako ni mvulana, anaitwa Bartolomeo. Ana meno mawili na yote anayatumia kwangu.

Mvua za masika zilikuwa nyingi na mahindi ni mazuri. Sabuni hakuna, tunafulia majivu. Ng'ombe wamepungua.

Barua yako niliisoma mbele ya mama na majirani. Walicheka habari ya viatu vya kushoto. Pale pa korongo nilipita haraka nikasema karatasi imeloa. Wilibrodi, umeandika habari ya ndege walioshiba watu kana kwamba ni mzaha wa kilabuni. Hao walioliwa wamezaliwa na mtu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na usisahau hilo hata kama mnapita katikati ya wafu kila siku. Uzoee ndizi, maiti usizizoee. Nakuambia kwa ukali kwa sababu nakupenda na sina namna nyingine.

Sali. Vaa kitu chenye joto.

Dada yako,
Cresensia

*

Kampala
2 Agosti 1979

Dada Cresensia,

Salamu kwako, kwa mama na magoti yake, na kwa mheshimiwa Bartolomeo mwenye meno. Mimi mzima. Nimeota kitambi kidogo cha ndizi.

Umenikaripia, nimekubali, lakini wewe uko Qurus na mimi niko hapa. Nikueleze siku moja tu uone. Asubuhi nasimama kwenye kizuizi. Anakuja mtu na baiskeli yenye mihogo, nampekua. Anakuja mwalimu amevaa tai na hana viatu, nampekua. Mchana kunatokea yowe sokoni, tunakwenda. Tunakuta wamemshika mwizi wa sufuria, wamemvisha tairi shingoni, moto tayari. Mwenye sufuria amesimama pembeni ameikumbatia sufuria yake. Nilipiga risasi hewani, hawakugeuka hata mmoja. Milio ya bunduki hapa ni kama mbwa kubweka. Tulimwacha akaungua. Jioni mji unafungwa, kila mtu anaingia ndani na kulala sakafuni, chini ya usawa wa madirisha, na kukipambazuka majirani wanaulizana, "Kwenu wamebaki wangapi?" Hiyo ndiyo hodi yao.

Kuna fundi cherehani jirani na kizuizi, mzee Kaggwa. Aliwahi kufanya kazi reli ya Mombasa, ndiyo maana anaongea nami. Anasema nilipofika nilikuwa na uso wa mtoto wa komunio, na kwamba sasa umeanza kufanana na nyuso anazozijua. Nilimwambia ashone suruali anyamaze.

Juzi nilipita karibu na maiti nikiwa natafuna muhindi wa kuchoma. Nilifika mbali ndipo nikagundua kuwa sikuacha kutafuna. Nakuambia ili ujue kwamba kuzoea kunanisaidia kulala, basi usinikaripie tena.

Sasa na mimi nikuulize. Mbona Raphaeli humtaji? Hata "Raphaeli anakusalimu" hakuna. Mmegombana? Na ng'ombe wamepungua kwa ugonjwa, au mmeuza? Shemeji yangu hawezi kuuza ng'ombe bila kunitukana kwanza.

Wilibrodi

*

Qurus
9 Septemba 1979

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu zako na zetu ni hizi. Mama anaendelea. Bartolomeo anasimama akishikilia kigoda, kisha anaanguka na kumlaumu mama. Tunavuna.

Raphaeli hawezi kukuandikia. Ng'ombe walichukuliwa kule kwenye chumvi, na maneno yale wazee wameyamaliza. Ukirudi tutakaa tuzungumze mimi na wewe. Kwa barua usiniulize tena, naomba. Mimi ni mkubwa wako na sijawahi kukuomba kitu.

Yule mwizi wa sufuria, alikuwa na umri gani? Hukusema.

Cresensia

*

Kampala
30 Oktoba 1979

Cresensia,

Salamu sina.

Sylvesta amerudi kutoka likizo Karatu. Alidhani ninajua. Alinishika mkono akasema, "Pole na msiba wa shemeji," mbele ya watu, nikiwa na kikombe cha chai. Miezi sita! Raphaeli amechomwa mkuki kama nguruwe pori, amezikwa, nyasi zimeota, na wewe unaniandikia habari za magoti na vigoda. Raphaeli aliyenifundisha kukamua! Nililia mpaka nikatapika, kisha nikaona hasira ni bora kuliko kulia.

Sylvesta ananiambia aliyemchoma ni morani, Metui wa Nainokanoka ng'ambo ya msitu, mtoto wa mzee Tobiko. Anasema yupo, anatembea, anachunga, na anashuka sokoni Karatu siku ya mnada. Mnamtazama. Mnamuuzia mahindi! Damu ya watu wa Qurus imegeuka togwa?

Sikiliza vizuri. Nina bunduki niliyoiokota kwa waliokimbia, haijaandikwa popote. Nimejifunza kuifungua vipande, inaingia kwenye begi chini ya nguo. Tunaambiwa kikosi chetu kitarudi mwanzoni mwa mwaka. Nikishuka Karatu sipiti nyumbani. Njia ya Nainokanoka naijua. Boma la Tobiko naliwasha alfajiri, na atakayetoka mlangoni namsubiri pale pale, awe Metui au awe nani.

Usidhani ni maneno ya pombe. Siku ya pili baada ya kuambiwa, mtu alikuja kwenye kizuizi na gunia la mkaa kichwani. Nikamwambia simama. Akasikia Kiswahili, akatupa macho huku na huku, akakimbia na gunia lake. Nikapiga. Alianguka kifudifudi na mkaa ukatawanyika barabarani. Watu walikuja kuokota mkaa kabla ya kumwokota yeye. Anaitwa Lutaaya, hakuwa na silaha. Afande alisema ni ajali ya kazi. Jioni nilikula, nikalala. Ni rahisi, Cresensia. Hakuna aliyetuambia ni rahisi hivyo.

Wilibrodi

*

Qurus
26 Novemba 1979

Wilibrodi,

Mimi nakusalimu, ingawa wewe uliniona sistahili. Mama hajambo, na barua yako haijui. Niliisoma peke yangu ghalani, nikaitia jikoni chini ya chungu.

Sylvesta amekupa nusu, chukua nusu nyingine. Ilikuwa wiki ya Pasaka, jua likiwa utosini. Morani wa Nainokanoka waliwakuta ng'ombe wetu wakilamba chumvi pembeni ya msitu. Wachungaji wenzake Raphaeli walikimbia kuita watu. Raphaeli hakukimbia, unamjua alivyokuwa na kichwa kigumu. Alikuwa na rungu tu. Metui alimchoma chini ya mbavu na mkuki ukatokea mgongoni. Walimleta juu ya ngozi ukiwa bado ndani, maana kila mwanaume aliyeshika mpini aliuachia. Niliuvuta mimi. Niliweka mguu kifuani kwa mume wangu nikavuta kwa mikono miwili, na damu ikanipiga usoni. Alitaka kuniambia kitu, likatoka povu. Sitajua alitaka kusema nini mpaka nife.

Vijana wetu hawakungoja mazishi. Walikwenda wakachoma boma moja kule Nainokanoka, wakaua watu wawili. Mmoja alikuwa mzee kipofu aliyeshindwa kupata mlango. Huyo hakumuua Raphaeli. Hakuwa ameona hata mkuki tangu mimi nikiwa msichana. Waliporudi waliimba, nami nilisimama uani nikapiga vigelegele. Ndiyo, mimi huyu.

Halafu ingekuwa zamu yao, halafu yetu. Ndipo wazee wa pande mbili wakakaa. Mitamba wakatolewa huku na kule, lakini unajua kwamba penye damu mtamba peke yake hatoshi. Lazima wanawake wabadilishane watoto na kuwanyonyesha. Wakasema aanze mjane.

Nilikaa chini, mpakani mwa msitu. Mbele yangu alikaa Nashipai, mke wa kaka yake Metui, na binti yake mchanga. Nikampa Bartolomeo, naye akanipa wa kwake. Nakuambia kweli tupu: kile kitoto kiliposhika titi langu, nilitaka kukibana pua mpaka kitulie. Nikainua macho. Nashipai naye alikuwa anamtazama Bartolomeo vile vile, kwa jicho hilo hilo. Yule mzee kipofu alikuwa baba yake mzazi. Tulikaa hivyo, kila mmoja ameshika roho ya mwenzake mapajani, wanaume wamesimama mbali wakijidai kutema mate ya baraka. Hakuna aliyembana mtoto wa mwenzake. Watoto wakashiba, wakalala. Ndivyo vita vilivyokwisha, wala si kwa wazee wala mitamba. Sijamsamehe Metui. Nikimwona mnadani nageuza njia. Lakini ng'ombe wananywa maji, na mama hajachomwa ndani ya nyumba.

Sikukuandikia kwa sababu nilikujua. Ungetoroka jeshini siku ile ile.

Sasa huyo Lutaaya. Umemuua mtu kwa sababu ya mume wangu? Raphaeli hakukutuma! Ulimpiga mgongoni mtu mwenye mkaa, kisha unaniandikia kuwa ni rahisi, kana kwamba unanisifia kiatu. Naona haya. Nimekubeba mgongoni wewe kabla sijabeba wangu.

Nilichofanya ni hiki. Juzi nilimfunga Bartolomeo mgongoni, nikapita msituni mpaka Nainokanoka, nikamwacha kwa Nashipai. Nilimwambia kwa Kiswahili chetu kibovu, changu na chake, kwamba ndugu yangu anakuja na bunduki. Alikuwa ananyonyesha wa kwake, akamchukua na wangu akamweka titi la pili. Mama haongei nami. Qurus nzima wananiita kichaa.

Basi njoo. Si njia unaijua? Mpwa wako analala katika boma la Tobiko, nyumba ipi sikuambii. Amevishwa shuka na shanga kama watoto wa pale, na alfajiri kwenye moshi hutamtambua. Washa, kaa mlangoni, umsubiri atakayetoka.

Nitamchukua siku nitakayojua kwamba bunduki hiyo huna. Sitaki ahadi, nataka kujua. Usiku maziwa yananijaa na kuniuma, nayakamulia majivuni. Usichelewe.

Dada yako,
Cresensia

*

Kampala, hospitalini
17 Januari 1980

Dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima, na mama, na mtoto huko aliko. Mwandiko huu ni wa Sylvesta, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze kitu.

Barua yako nilipewa kizuizini. Niliisoma nikaketi kwenye gogo, na magari yakapita bila kupekuliwa. Nilimwona Bartolomeo akitoka mlangoni. Sijawahi kumwona sura, lakini nilimwona. Kesho yake bunduki nikampelekea afande, nikasema nimeiokota kwenye mtaro. Sylvesta alishuhudia, ndiyo maana yeye ndiye anayeandika, ili ujue na si kuahidiwa.

Ningeishia hapo ningekuwa mzima. Lakini ile habari yako na Nashipai haikuniacha. Nikafikiri, nyumba ya Lutaaya nayo ina mama. Kwetu mwenye kosa huenda akiwa na kitu mkononi, watu wakakaa. Mtamba sikumpata, ng'ombe wa mji huu wameliwa wote. Nikakusanya sukari ya posho yangu na ya wenzangu, mfuko mzima, na miche ya sabuni, maana hapa watu wanapigana ngumi kwa ajili ya sukari. Mzee Kaggwa nilimwomba anipeleke akatafsiri. Alikataa mara ya kwanza. Akasema, "Kijana, hapa askari akiingia na sukari kwenye nyumba ya msiba, amekuja kuchukua binti, au amekuja kuwauzia wafiwa maiti ya ndugu yao. Hawajui sukari ya namna nyingine." Nilimwambia sisi kwetu tunafanya hivi na watu wanapona. Nilikuwa na uhakika, dada. Mambo ya kwetu yalinijaa kichwani nikaona ni ya dunia nzima.

Tulikwenda mchana, sikuwa na silaha. Mama yake alikuwa uani anamenya ndizi. Hakupiga magoti, na nilifurahi kwamba hakupiga. Nikaweka mfuko mbele yake, nikasema mimi ndiye niliyempiga mwanao, nimekuja tukae. Kaggwa akatafsiri kwa sauti ya chini. Yule mama aliuliza kitu kimoja: ni kwa ajili ya mwanangu, au ni bei ya mwingine? Kabla Kaggwa hajamaliza kunieleza, alisimama, akapasua mfuko kwa kisu chake cha ndizi na kuumwaga matopeni. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliikanyaga sukari yote kwa miguu mitupu, polepole, mpaka ikawa tope, na watoto wa jirani wakiangalia kwenye ua hakuna aliyesogea.

Mdogo wake Lutaaya alitoka nyuma ya jiko na panga. La kwanza nilikinga kwa mkono wa kulia, vidole vitatu vikaenda. La pili lilinipata begani. Ningeweza kumzuia, nina nguvu kuliko yeye, na mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kaggwa alipiga kelele, kisha akamwangukia yule kijana na kumshika. Nilitoka mwenyewe kwa miguu, nikazimia barabarani.

Wewe ulipata mtu wa kukaa mbele yako. Mimi sikumpata, na simlaumu yule mama. Nilimwendea na mila ambayo haijui, kwa lugha iliyomuulia mtoto.

Nenda kamchukue Bartolomeo. Nenda leo, usingoje nifike. Nikija nitakuja na mkono mmoja wa kazi, utanifundisha kukamua upya. Metui nikikutana naye mnadani sijui nitafanya nini na uso wangu, lakini mikono yangu usiiogope.

Afande amekuja kitandani mara mbili kuniuliza nani alinikata. Anasema nimtajie tu, atakwenda na vijana wausafishe mtaa ule wote. Nimemwambia ilikuwa ghafla, sikumwona. Hakuniamini, na kesho atarudi, nami nitamwambia hivyo hivyo.

Nilimwona vizuri sana, dada. Alikuwa analia kwa sauti huku ananikata.

Ndugu yako,
Wilibrodi